Muulize Dereva: Miti mitupu ya Ishasha, magoti ya mwalimu na mamba asiye mamba

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: baba yangu alitoka Mombasa akaja Kasese na reli, mwaka 1956. Treni baadaye ziliacha kuja, yeye akabaki. Mimi nimeendesha watalii miaka 22, hadi mgongo ulipokataa barabara za vumbi. Mwezi huu nimepata barua sita. Tano nazijibu hapa. Ya sita inauliza kama nitaoa tena, na mwenyewe anajua kwa nini sijibu.

*Mzee, shikamoo. Mwezi wa Agosti mimi na wenzangu watano tulichanga pesa, tukakodi gari kutoka Mbarara kwenda Ishasha, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kuona simba wanaopanda miti. Tuliingia mapema alfajiri, tukazunguka mpaka saa nne. Miti mitupu. Kwa mbali tuliona tai wanazunguka angani, tukamwomba dereva aache barabara akate nyasi twende kuona. Akakataa. Tukamwahidi elfu hamsini, akakataa tena. Basi tukaondoka, na bakshishi hatukumpa. Je, tulitapeliwa?*
*Aliyerudi na picha za miti, Mbarara*

Marahaba, mwanangu. Hamkutapeliwa. Mliondoka wakati simba ndio wanajiandaa kupanda.

Watu wameshikilia kwamba wanyama huonekana alfajiri, na mahali pengi ni kweli. Lakini simba wa Ishasha alfajiri ana kazi gani mtini? Kuna baridi, nyasi zina umande, yeye amelala chini ameshiba au anatembea kutafuta cha kumshibisha. Jua likishakuwa kali, nzi wakaanza kumsumbua masikioni, ndipo anaupanda mkuyu. Huko juu kuna upepo, na anawaona vizuri wale swala wa Uganda, wale walio kwenye nembo ya taifa, wanavyokula nyasi uwandani. Analala kwenye tawi nene lililolala, miguu minne inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Siku nyingine bebeni chakula, mkae hadi alasiri. Na mkifika kwenye mkuyu msitafute kichwa cha simba, maana kichwa kinafanana na majani makavu. Tafuteni mkia. Mkia huning'inia wima, na mti hauna kitu kingine kinachoning'inia vile halafu kikajitikisa.

Sasa dereva wenu. Kuacha barabara ndani ya hifadhi ni kosa, na faini humwangukia yeye, si ninyi. Mimi kosa hilo nimelifanya, nalisema leo kwa kuwa aliyekuwa bosi wangu hasomi Kiswahili. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Wageni wanne waliniahidi dola mia nikiwasogeza karibu na chui tuliyemwona kwa mbali. Nikakata nyasi. Hatukwenda hata hatua mia mbili, gurudumu la nyuma likazama kwenye tope jeusi lililojificha chini ya majani. Chui akatutazama, akaenda zake. Simu za mkononi hazikuwapo, redio haikushika. Tulilala watu watano ndani ya gari, na chupa moja ya maji na biskuti za tangawizi. Usiku kucha tulisikia nyati wakipumua upande mmoja na simba wakiunguruma upande wa pili. Kulipokucha, jike la simba lilikuwa juu ya mkuyu mbele yetu kabisa, mtu angeweza kuhesabu masharubu. Hakuna aliyepiga picha. Walikuwa wamekasirika mno. Zile dola mia sikuziona, na mshahara wangu wa mwezi ule ulilipia trekta.

Kuna jambo jingine ambalo dereva wenu analijua na pengine hakutaka kuwaharibia siku. Simba wale si wengi. Aprili 2018, upande wa Hamukungu katika hifadhi hiyohiyo, 11 waliuawa kwa sumu, wanane kati yao wakiwa watoto. Machi 2021 wengine sita walikutwa wamekufa hapo Ishasha, vichwa na nyayo zimekatwa. Kundi likishapigwa hivyo, mnyama aliyebaki hasogelewi kwa gari la kukata nyasi, ataondoka na hatarudi mti ule.

Na kama mnadhani mlihangaika, mfikirieni Jacob. Ni simba dume wa Queen Elizabeth mwenye miguu mitatu, wa nne ulikwenda na mtego wa majangili. Februari 2024, usiku, yeye na ndugu yake Tibu waliogelea mfereji wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye viboko na mamba. Watafiti waliwapiga picha kwa droni inayoona joto la mwili gizani, wakasema huenda walikuwa wanatafuta majike. Jacob alivuka kwa miguu mitatu. Ninyi mlikuwa na gari na mkaondoka saa nne.

Bakshishi mtumieni dereva. Simu yake mnayo.

*Baba, salaam. Ninaoa mwezi wa Desemba, inshallah, na tuna siku nne za fungate. Tunataka gorila wa Bwindi, maporomoko ya Murchison na pundamilia wa Kidepo. Kuna mtu wa magari Kampala amesema inawezekana.*
*Bwana harusi, Bombo*

Inawezekana kama fungate mnataka kuilia ndani ya gari. Bwindi iko pembe ya kusini-magharibi, Kidepo iko pembe ya kaskazini-mashariki, na kati yake kuna Uganda yote. Huyo mtu wa magari anauza petroli, hauzi safari.

Chagueni Murchison peke yake. Ninyi wa Bombo tayari mko kwenye barabara ya Gulu. Njiani, karibu na Nakitoma, ingieni hifadhi ya faru inayoitwa Ziwa mkawaone faru kwa miguu, mkiongozwa na askari wa wanyama. Faru wa porini nchi hii walimalizwa na bunduki kabla ya katikati ya miaka ya 1980. Ilibidi tuanze upya mwaka 2005 kwa faru walioletwa kutoka Kenya, kisha wengine wawili wakaja kutoka Marekani. Mtoto wa kwanza alizaliwa 2009, baba Mkenya na mama Mmarekani. Wakamwita Obama. Nimewasimulia wageni kisa hicho mara mia na sijachoka.

Murchison kwenyewe pandeni boti Paraa, kisha siku ya pili nendeni juu ya maporomoko. Mto Nile wote ule unabanwa kwenye mwanya wa mita saba hivi na kuanguka mita 43. Huwezi kuongea na mwenzio pale, na kwa maharusi hilo si tatizo. Twiga wako wengi ng'ambo ya kaskazini. Mwambie bibi harusi asibebe nguo za buluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo na wanauma kupitia suruali. Pundamilia wawekeni kiporo.

*Mzee Dereva, mwanangu ana miaka 13 lakini ni mrefu kuliko mimi. Nikisema ana 15 watamruhusu aone gorila?*
*Mama wa mrefu, Kampala*

Hapana, mama. Wataomba kitambulisho, na mwanao atajifunza uongo mbele ya askari. Umri wa 15 haukuwekwa kwa ajili ya urefu. Mpeleke Ziwa Mburo, mwendo wa saa nne hivi kwa barabara ya Mbarara. Pale ataruhusiwa kutembea kwa miguu na askari katikati ya pundamilia, jambo ambalo mtoto wa umri ule atalisimulia shule nzima. Tembo hawapo, kwa hiyo na wewe utatembea bila kutetemeka. Ataona pia swala pala, ambao Waganda huwaita empala na ndio waliokipa jina kilima cha Kampala. Mjini kwenu wameisha siku nyingi.

*Bwana Dereva, habari za siku. Ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61. Wanangu wamenilipia kibali cha gorila wa Bwindi, upande wa Rushaga, shilingi laki tatu. Nimefurahi, lakini magoti yangu hayapandi hata ngazi za kanisa. Nirudishe pesa au niende?*
*Mwalimu mwenye magoti, Jinja*

Uende, Mwalimu. Mgeni wa kutoka Ulaya hulipia saa hiyohiyo moja dola 800. Sisi wa Afrika Mashariki tumepewa bei ya nyumbani halafu hatuendi. Miaka mingi nilipokuwa nikileta watu Bwindi, Waganda niliowapeleka wangejaa gari moja na nafasi ikabaki.

Nami sikuwa bora. Dereva hubaki getini. Anawafikisha wageni asubuhi, anaosha gari, anakunywa chai, analala kidogo, wanarudi wamejaa tope na macho yamebadilika. Miaka 22 nikayaona macho hayo tu. Kibali changu nilikilipia kwa pesa ya kustaafu, na mgongo wangu ulikuwa sawa na magoti yako. Kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Asubuhi kabla ya kuingia msituni mtakusanyika mpewe maelezo, kisha mtagawanywa watu wanane wanane. Hapo usione aibu. Nenda kwa mkuu wa askari kabla hawajagawa, umwambie wazi: magoti. Kuna familia za gorila zinazokaa karibu na nyingine unazifuata nusu siku, na wao wanajua kwa kuwa wafuatiliaji wameshatangulia alfajiri mahali gorila walipolala jana. Mtu anayejifanya mzima ndiye anayepangiwa mlima.

Chukua mpagazi. Si kwa sababu ya mkoba. Mkoba ni kisingizio, unalipia mkono wake. Vijana na kina mama wa vijiji vya kando ndio wanaofanya kazi hiyo. Mimi nilipata dada mmoja mwembamba aliyenivuta kwenye mteremko kama anavuta mbuzi wa sikukuu. Na mteremko ndio adui wako, si mpando: kupanda kunachosha pumzi, kushuka kunasaga magoti. Chukua na fimbo, watakupa. Vaa glavu za bustani, maana kuna majani yanayowasha na mkono utashika chochote kilicho karibu. Suruali iingize ndani ya soksi, usijali unavyoonekana, hakuna atakayekutazama.

Ikishindikana kabisa kuna machela. Vijana wanakubeba kwa zamu, wenyeji wanaiita helikopta. Ina gharama yake, kwa hiyo waambie wanao wapige simu mapema waulize, maana haikodishwi msituni ukishaanguka. Niliwahi kumleta bibi wa Uholanzi wa miaka 80 na zaidi, akaenda na helikopta, akarudi akiimba.

Jambo la kukurudisha getini ni mafua. Ukiamka unakohoa, sema. Gorila ni ndugu zetu wa karibu mno, ugonjwa unaokulaza wewe siku mbili unaweza kuwaua. Ndiyo maana utavaa barakoa na kukaa mita kumi. Wao hawajui habari ya mita kumi. Mtoto mmoja alinijia mpaka nikakanyaga mguu wa mtu nyuma yangu nikirudi kinyumenyume.

Utauliza niliona nini. Nilitegemea lile dume kubwa lenye mgongo wa fedha litapiga kifua. Lilikuwa limelala chali. Samahani wasomaji, likajamba, kwa sauti ndefu, na sote wanane tukatazama miti. Askari akaninong'oneza, "Anakula majani siku nzima, Mzee." Pembeni mama mmoja alikuwa anamtoa mwanawe kitu sikioni kwa ukucha, kwa ule uvumilivu wa hasira kidogo ambao kila mama anao, na mtoto anajipinda anataka kwenda kucheza. Nilisahau kamera ipo shingoni. Askari ndiye aliyenigusa kuniambia dakika zimebaki tano.

Zamani nilikuwa nawauliza wageni, "Mmepiga picha nzuri?" Swali la kijinga sana lile.

*Ndugu Dereva, mimi ni Mtanzania wa Tanga. Nilikwenda kinamasi cha Mabamba kumwona yule korongo mwenye mdomo kama kiatu. Tukiwa kwenye mtumbwi ndani ya matete, mwenye mtumbwi akasema kwa furaha kwamba mamba ni wengi hapo, na kwamba huyo ndege ndio chakula chake. Nikamwambia anirudishe nchi kavu mara moja. Pesa hakunirudishia. Je, ni halali kupeleka wageni penye mamba kwa mtumbwi wa mbao?*
*Niliyeokoka, Tanga*

Ndugu yangu, pole sana, na samahani nimecheka mpaka mjukuu akaja kuangalia.

Mwenye mtumbwi alikuwa anakujaribia Kiswahili, na neno moja likamponyoka likabaki la Kiganda. Emmamba kwao ni samaki, yule kamongo mrefu mwenye mapafu, anayejichimbia topeni maji yakikauka. Watu wa ukoo wa Mamba hawamli kabisa. Ndege uliyemfuata humpenda samaki huyo kuliko kitu chochote, na usemi ulioukimbia ulikuwa habari njema: penye emmamba wengi, korongo hayuko mbali. Wavuvi wa zamani pale walimchukia ndege yule, wakiamini ukimwona asubuhi utarudi bila samaki, wakawa wanamuua. Leo wavuvi haohao na watoto wao wanakula kwa kuwapeleka watu kama wewe wakamwone.

Rudi. Safari hii muulize mwenye mtumbwi kama kuna goonya, ndiye mamba kwa Kiganda. Akikujibu ndiyo, hapo shuka.