Mtoto na baiskeli kwenye barabara ya bodaboda, Tabora

Pole sana dada. Mwanao kusukumwa na bajaji hadi mtaroni akienda shule si jambo la kusema "ajali tu".

Ukitaka barabara hiyo iwe salama kwa watoto, kwanza ujue ni ya nani. Ya mtaani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala mwingine wa serikali. Sisi tulipeleka barua kusikohusika, ikakaa miezi minne.

Kisha simama pale saa moja asubuhi, siku tatu, uhesabu watoto wa miguu na wa baiskeli. Piga picha penye meza za biashara zinazowasukuma barabarani. Peleka hayo kwa mwenyekiti wa mtaa, aitishe mkutano, barua kwa wakala husika ibebe muhuri wake na nakala kwa diwani. Ombeni matuta na mifuniko ya mitaro, maana mtaro uliofunikwa vizuri ni njia ya miguu tayari. Zebra peke yake, kwa bodaboda wetu hawa? Rangi tu. Na miembe isikatwe, kivuli chake ndicho kinachowatembeza watu mchana.

Msijenge tuta la udongo wenyewe. Mtu akianguka usiku, lawama ni yenu. Mtoto akilalamika kichwa, mpeleke hospitali leo.