Karama anayo, tabia je? Maswali yenu na majibu

Bwana asifiwe wapendwa. Maswali kuhusu tabia ya kiongozi wa kikristo yamekuwa mengi kweli, nimechukua haya matano nikayafupisha, majina nimeyaacha.

Shalom mtumishi. Kiongozi wetu wa maombi ana upako, akiomba watu wanafunguliwa kabisa, ila anawatukana wahudumu wadogo na kuwadharau. Tukisema tunaambiwa tusimguse mpakwa mafuta wa Bwana, yaani mtu aliyeteuliwa na Mungu.

Shalom. Hili linaniuma kwa sababu linaumiza watu wengi kimya kimya. Karama na tabia ni vitu viwili na mtu anaweza akawa na kimoja bila kingine, Biblia wala haifichi. Samsoni alikuwa na nguvu za ajabu huku maisha yake yanabomoka mpaka Waamuzi 16:20 inasema hakujua kwamba Bwana ameshamwacha, na Yesu kwenye Mathayo 7:22-23 anawataja watu waliotabiri na kutoa pepo kwa jina lake halafu anawaambia hakuwajua kamwe. Kwa hiyo watu kufunguliwa ni huruma ya Mungu kwa hao watu, usiichukue kama cheti cha tabia ya anayewaombea. Kasome 1 Timotheo 3 zile sifa za askofu, ujuzi wa kufundisha umetajwa hapo ndio lakini karibu yote mengine ni tabia, awe na kiasi, asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asipende fedha, nyumba yake aisimamie vizuri, na ashuhudiwe vema na watu wa nje. Watu wa nje jamani! Yaani hata jirani asiyekanyaga kanisani ana neno la kusema.

Na hilo la mpakwa mafuta, Daudi alilisema pangoni alipokataa kumuua mfalme Sauli, 1 Samweli 24. Alikataa kuua, kukosoa hakukataa, alitoka nje ya pango akamwambia Sauli wazi kwamba anamwonea bure. Nabii Nathani naye alimfuata Daudi akiwa mfalme akamkemea kwa dhambi yake, na Paulo alimpinga Petro usoni kule Antiokia. Basi nyie mfuateni wawili watatu mliosikia wenyewe, mtajieni siku na maneno aliyoyasema, msianzie kwenye group la WhatsApp. Asiposikia pelekeni kwa wazee, 1 Timotheo 5:19 inaruhusu mashtaka juu ya mzee kukiwa na mashahidi wawili au watatu. Na wazee wasiogope kumpumzisha eti ibada zitapoa.

Nimeokoka miezi michache tu na nimeambiwa niongoze vijana. Nikubali?

Kwa sasa hapana mpendwa. 1 Timotheo 3:6 inasema asiwe aliyeongoka karibuni asije akajivuna, na 5:22 inawaonya wanaoweka watu mikono, yaani kuwapa huduma ya uongozi, haraka haraka. Saidia, panga viti, fundishwa, kaa karibu na mtu mzima wa imani anayeweza kukwambia ukweli. Waliokupendekeza wanakupenda ila wana haraka.

Bosi anataka niandike kiasi kikubwa kwenye risiti halafu tugawane. Nikikataa kazi naweza kupoteza, na nina familia.

Pole sana. Kwenye Danieli 6:4 maadui wa Danieli walichimba kazi zake wakitafuta kosa wakakosa, na alikuwa anafanya kazi kwenye serikali ya kipagani sio kanisani, kwa hiyo inawezekana kuwa safi mahali ambapo wengine hawako hivyo. Ila sikudanganyi kwamba ukikataa mambo yatanyooka kesho, Yusufu alikataa dhambi akaishia gerezani. Mwambie bosi mkiwa wawili, kwa heshima na kwa kifupi, naomba niandike kile tulicholipa tu. Usimhubirie. Tunza nakala za unachosaini, anza kimya kimya kuulizia kazi nyingine, na mwenzi wako ajue mapema asije akashtukizwa.

Niongeze kwa viongozi maana pesa ndo inatuumbua. Samweli akiwa mzee alisimama mbele ya taifa zima akauliza ng'ombe wa nani nimemchukua, punda wa nani, rushwa nimepokea kwa nani, na hakuna aliyenyoosha mkono. Paulo naye mchango wa watakatifu hakuubeba peke yake, aliongozana na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili pasiwe na wa kumlaumu, 2 Wakorintho 8. Sasa kama mtume alitaka mashahidi, mtunza hazina anayenuna akiambiwa sadaka ihesabiwe na watu wawili anapata wapi hiyo haki?

Kanisani ni mpole, nyumbani nafoka kwa mke na watoto. Nimeomba sana haitoki.

Endelea kuomba kaka, lakini 2 Petro 1:5-6 inasema tujitahidi, kwenye imani tuongeze wema, maarifa, kiasi, saburi, maana yake kuna kazi ya kwako. Angalia hasira inakuja saa ngapi, mara nyingi utakuta ni uchovu au mambo ya pesa. Mpe mkeo ruhusa ya kukwambia toka nje kwanza, na kweli utoke. Ukikosea waombe watoto msamaha bila kuweka neno "lakini" mwishoni. Na kama mkono unanyanyuka hapo sio suala la kufoka tena, usalama wao unatangulia, ondoka hapo nyumbani kwa muda, waambie wazee, tafuta mshauri aliyesomea.

Mchungaji wetu alianguka kwenye uzinzi, ametubu kwa machozi. Wengine wanataka arudi madhabahuni Jumapili ijayo.

Msamehe leo, madhabahu isubiri. Daudi alipokiri Nathani alimjibu hapo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, 2 Samweli 12:13, na bado matokeo yaliendelea ndani ya nyumba yake miaka mingi. Petro alirudishwa kweli, ila Yesu alimuuliza mara tatu kama anampenda, mbele ya wenzake. Akae chini ya watu wanaomsimamia, mshahara na mahali pa kukaa kanisa liangalie asiteseke, na muda msiupange kwa kuangalia mahudhurio yamepunguaje. Kama aliyehusika alikuwa muumini aliyekuja kwake kutafuta ushauri basi huyo mtu aliumizwa na aliyemwamini, asikilizwe kwanza kabla ya habari ya kurudi kuzungumzwa.

Na kwenye barua yako ndefu sijaona mahali umemtaja mkewe. Kuna mtu amekwenda kumwona? Nendeni wiki hii, akinamama wawili anaowaamini, wasikilize tu, wasiende kumuomba amsamehe haraka.