Mlenda, warfarini na valvu yangu ya moyo

Nyumba ikitulia usiku, mjukuu wangu huweka sikio kifuani mwangu. Tik, tik, tik. Ni valvu ya bandia niliyowekewa India mwaka 2010, baada ya homa ya baridi yabisi ya utotoni kuniharibia mlango wa moyo wa upande wa kushoto.

Valvu yenyewe haijawahi kunisumbua. Aina hii ya kimitambo huweza kudumu zaidi ya miaka 20, wakati zile za tishu ya mnyama mara nyingi huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15. Kazi iko kwenye damu. Ikigusa kitu kigeni huganda. Bonge huweza kuikwamisha valvu, au likachomoka kwenda ubongoni ukapata kiharusi. Ndiyo maana tunameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yote, na kupima INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani: ikipanda unaweza kutoka damu, ikishuka damu huganda kirahisi. Yangu inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5, asiyetumia dawa huwa na 1 hivi.

Niliporudi Dodoma niliambiwa niache mboga za majani. Nikaacha kweli, nikawa nakula ugali wa mtama na maharage. Mvua za Januari zikaja, ndugu wakaleta mlenda mbichi kutoka Bahi, nikashindwa kujizuia. Wiki tatu nikala mchana na usiku. INR ikashuka hadi 1.6. Dozi ikaongezwa. Kiangazi kikaingia, mboga ikaadimika, nami nikawa natoka damu kwenye fizi kila nikipiga mswaki.

Nesi mmoja wa kliniki ndiye aliyenifungua macho: majani yana vitamini K, na vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini. Dozi hupangwa kulingana na unavyokula, kwa hiyo kula, ila usibadilishe kiasi. Tangu siku ile napima kwa kibakuli kimoja cha bati chenye ua jekundu. Kibakuli kimoja kwa siku, masika na kiangazi, na mlenda wa kukausha naanika mwenyewe.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2016 tumbo lilinisumbua, duka la dawa wakanipa Flagyl bila kuniuliza natumia nini. Siku ya tano mkojo ulikuwa mwekundu. INR ilikuwa 7. Flagyl, Septrin, aspirini, diklofenaki, dawa za miti shamba: usimeze chochote kabla hujataja warfarini, hata kama foleni ni ndefu nyuma yako.

Kung'oa jino pia, mwambie daktari mapema akupe antibayotiki kabla, maana vijidudu vya kinywani huweza kushambulia valvu. Na binti mwenye valvu hii akitaka mtoto, amwone daktari wa moyo kabla hajashika mimba. Warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mjukuu nimeshamwagiza: siku akisikia ile tik imefifia, au nikihema kwa shida, asingoje kukuche. Aamshe watu twende hospitali.