Maswali na majibu: Filamu na maigizo ya Ufilipino, na kwa nini nasema zima msimulizi

Maswali ya safari hii ni mengi na yanajirudia. Yote ya "yule dada wa tamthilia ya The Promise siku hizi yuko wapi" nimeyaweka kando. Twende.

Nimekua na tamthilia za Kifilipino, sasa nataka filamu zao. Nianze na ipi? (Morogoro)

Anza na Insiang ya Lino Brocka, ya mwaka 1976. Inafunguka machinjioni: nguruwe wanachomwa visu, wanapiga kelele, damu inatiririka, na bado hujamjua mtu hata mmoja kwa jina. Kutoka hapo tunaingia Tondo, mtaa wa vibanda jijini Manila, kwenye nyumba ya mama, binti yake, na kijana ambaye mama amemwingiza ndani. Kijana huyo kazi yake ni huko huko machinjioni. Mengine utayaona mwenyewe.

Mwaka 1978 ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Kumbuka nchi ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi ya Rais Marcos tangu 1972, na mkewe, Mama Imelda, alitaka dunia ione majengo mapya, si vibanda. Ishmael Bernal alipotengeneza Manila by Night mwaka 1980, wakaguzi walimlazimisha aondoe kila mahali jina la jiji lilipotajwa. Anayedhani Ufilipino ni nchi ya tamthilia za mapenzi tu hajakutana na Brocka na Bernal.

Ukimaliza Insiang, tafuta Maynila sa mga Kuko ng Liwanag, ya Brocka huyohuyo, 1975. Usiziangalie usiku mmoja.

Hivi Wafilipino si wanaongea Kihispania? (Kahama)

Hapana. Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalogi. Kihispania kimewaachia majina na maneno. Na si Wakorea, kwa faida ya wale wengine kumi mlioniandikia.

Msimulizi gani anazitafsiri vizuri filamu za Kifilipino? (Mbagala)

Hakuna. Najua mtanuna, lakini nimeulizwa.

Sina ugomvi na wasimuliaji wa vibanda umiza, wale wanaotafsiri kwa kuongea juu ya filamu. Filamu ya ngumi na risasi inavumilia mtu wa kuipigia porojo juu, na wazee wetu wengi wasingejua sinema bila wao. Ila sanaa ya Wafilipino imesimama kwenye sauti tangu siku ya kwanza. Filamu yao ndefu ya kwanza iliyotengenezwa na Mfilipino, Dalagang Bukid ya José Nepomuceno, 1919, ilikuwa bubu, na ilitokana na sarsuwela, yaani igizo la jukwaani lenye nyimbo na mazungumzo. Mhusika mkuu, Atang de la Rama, alikuwa nyota wa sarsuwela hiyo. Basi filamu ilipoonyeshwa, yeye mwenyewe alisimama ukumbini akauimba wimbo wake, watu wakimtazama pale kwenye kitambaa na kumsikia pale pembeni. Hawakukubali picha ya mwimbaji bila sauti yake.

Sasa chukua Himala ya Bernal, 1982. Nora Aunor, aliyeanza kama mwimbaji na utotoni akiuza maji stesheni ya treni, anaigiza msichana wa kijijini anayesemekana kamwona Bikira Maria. Mwishoni anasimama juu ya kilima cha mchanga mbele ya umati wa maelfu na kuwaambia hakuna muujiza. Sauti yake inaanza chini, karibu ya kuombea, halafu inapanda. Hapo msimulizi akiingiza "eeh bwana, dada kaamua kuwachana laivu", umebaki na nini? Washa maandishi ya chini. Kiingereza chake ni chepesi, na anayeona uvivu kusoma mistari miwili asiniombe filamu nzuri.

Mbona wanalia sana? (Moshi)

Kwa sababu jukwaa lao limelelewa na kilio. Kila Kwaresima, parokia nyingi huigiza mateso ya Yesu katika igizo liitwalo senakulo, na kitabu cha mateso hayo huimbwa kwa zamu majumbani mpaka kiishe. Mama anayelia juu ya mwanawe ni mhusika waliyemjua kabla ya kamera kuvumbuliwa.

Na kilio hicho kilibeba mengine. Mwaka 1902, Wamarekani wamekwisha kuichukua nchi kutoka kwa Wahispania, Severino Reyes alionyesha Walang Sugat, sarsuwela ya mapenzi iliyojaa hasira juu ya mapadri wa Kihispania. Mwaka uliofuata Aurelio Tolentino alikamatwa kwa igizo lake Kahapon, Ngayon at Bukas. Katika maigizo ya namna hiyo mavazi yalipangwa rangi makusudi, waigizaji wakisogeleana jukwaani bendera ya wapigania uhuru inaonekana, wakiachana imepotea. Askari akikurupuka kukamata, anakuta watu wamevaa nguo tu.

Hilo halihalalishi kila kofi la mama tajiri kwenye tamthilia za leo. Nyingine ni ujazo wa vipindi.

Shule ya binti yangu watacheza ngoma ya mianzi ya Kifilipino. Ni ngumu? (Nairobi)

Hiyo ni tinikling, ya kisiwa cha Leyte, inaiga ndege tikling anavyoruka mitego. Wawili wanashika mianzi miwili mirefu: wanaigonga chini mara mbili ikiwa imeachana, kisha wanaibamiza pamoja mara moja. Mguu uwe ndani kwenye zile mbili na nje kwenye ile moja. Mwalimu aanze taratibu, na wapigaji wawe watulivu, maana kifundo cha mguu huumizwa na mpigaji zaidi ya mchezaji.

Onyo ambalo hukuliomba: wakiongeza singkil, ngoma ya mianzi iliyopishana, wasiibandike jina la "ngoma ya Kihispania". Ni ya Wamaranao, Waislamu wa Ziwa Lanao. Kundi la Bayanihan, lililoanzishwa 1957, ndilo lililoitangaza duniani, na wapo Wamaranao wanaolalamika kwamba ya jukwaani imepambwa kupita kiasi.

Ni kweli mwigizaji alikuwa rais? (Bukavu)

Kweli. Joseph Estrada, alichaguliwa 1998, akaondolewa Januari 2001. Rafiki yake Fernando Poe Jr., mfalme wa filamu za mapigano, aligombea 2004 akashindwa.

Kuna filamu yao yenye urefu wa saa nane? (Arusha)

Ipo, ya mwongozaji Lav Diaz. Jaribu kwanza Ang Babaeng Humayo, chini ya saa nne, iliyochukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2016. Ukilala dakika ya 40, rudi kwenye tamthilia bila aibu.

Naomba unijazie kwenye flashi. (Wengi)

Hapana. Dalagang Bukid haipo tena popote, na nyingi za kabla ya vita zimepotea hivyohivyo. Zilizosalia, Insiang ikiwemo, zimekarabatiwa kwa gharama kubwa, nanyi mnataka nakala yenye tangazo la kamari katikati ya picha.

Niko Doha na Wafilipino kazini. Wanasema Krismasi kwao hakuna filamu za Hollywood. Wananitania?

Hawakutanii. Tangu 1975 lipo tamasha la filamu la Metro Manila: kuanzia Desemba 25 hadi mwanzoni mwa Januari majumba ya sinema yanaonyesha za kwao tu. Nyingi ni vichekesho na mizimu, kwa hiyo usipimie hapo. Ukitaka kuwajua vizuri wenzako, waulize kati ya Nora Aunor na mwigizaji mwenzake Vilma Santos nani mkali. Ni Simba na Yanga ya tangu miaka ya 1970, na kifo cha Nora Aprili 2025 hakijaimaliza. Uliza mkiwa mmeshamaliza zamu.