Mlango wa mbunge: niliyojifunza nikitetea kazi yetu ya kine hapa Lubumbashi

Mwaka mzima niligonga mlango usiohusika. Naanza na kosa hilo kwa sababu wenzangu wanaonipigia simu kutoka Likasi na Kolwezi wako njiani kulirudia, na mimi ningeliepuka kwa dakika kumi tu kama ningeifungua Katiba ya Kongo kabla ya kuvaa viatu.

Mimi ni mtaalamu wa kine, yaani tiba ya viungo, mwaka wa kumi na nne sasa. Kazi yetu ni kumsimamisha mtu tena baada ya kiharusi, ajali ya pikipiki au nyonga iliyovunjika, na kuwanyoosha watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani. Mtaani tunaitwa watu wa masaji. Mama mmoja wa Katuba alimwonyesha jirani yake kidole kwangu, akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Njo ule wa kukanda", yaani ndiye yule wa kukanda. Nilicheka, lakini jina hilo linatugharimu. Mkandaji si mtaalamu, kwa hiyo hospitali inamlipa ikikumbuka. Na yeyote mwenye chupa ya mafuta anaweza kutundika kibao cha kine kwenye geti lake. Nimeletewa migongo iliyopita kwenye mageti hayo.

Basi tukakusanyika watu kumi na mmoja, tukasema tunataka sheria ya taaluma yetu, na baraza letu kama walilo nalo madaktari. Tukamfuata mbunge wa jimbo, yaani wa bunge la jimbo letu, si wa bunge la taifa, kwa kuwa ndiye tuliyemfahamu. Alikuwa akisali parokia moja na mwenzetu. Alitupokea vizuri, tena mara nne. Kila mara alisema "nitafuatilia". Mara ya tano msaidizi wake, kijana aliyesoma sheria, akatuhurumia. Akatuuliza kama tunajua kwamba Ibara ya 202 ya Katiba inaweka sheria za tiba na za kazi huru, yaani za wataalamu wanaojitegemea, mikononi mwa serikali kuu. Bosi wake hangeweza kutupa tulichoomba hata angetaka. Kinachoangukia jimbo kiko kwenye Ibara ya 204: kuwapanga watumishi wa afya, kuendesha huduma za tiba, kukuza afya ya msingi, kusimamia utekelezaji wa sheria za afya za taifa. Mambo makubwa kabisa, na sisi hatukuwa tumeomba hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo kabla ya lolote, jiulize: ninachokitaka, mtu huyu anaweza kukifanya kwa mkono wake mwenyewe? Ukitaka sheria, Ibara ya 130 inasema mswada unaweza kuletwa na Serikali, na mbunge yeyote wa taifa, na seneta yeyote. Mtu wako yuko Kinshasa basi, ingawa alichaguliwa hapa. Ukitaka kine wawili walipwe katika hospitali za rufaa za jimbo, usipande ndege. Nenda jengo la 30 Juin, ule ukumbi wa zamani wa michezo ya kuigiza ambamo bunge la jimbo linakaa.

Jambo la pili linaudhi zaidi: sheria mpya ni safari ndefu mno. Madaktari walipata Ordre yao, yaani baraza la taaluma yao, mwaka 1968. Wauguzi, ambao bila wao hakuna hospitali inayofungua mlango asubuhi, walipata yao kwa Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Hesabu mwenyewe: miaka 48 baadaye. Na wauguzi ni jeshi. Sisi tunaenea kwenye basi moja. Simwambii mtu asiombe sheria. Namwambia asiombe sheria peke yake, maana ataombea hata wajukuu. Kuna sheria ambazo tayari zimezaliwa lakini hazijasimama, na kusimamisha ndiyo kazi yetu. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Nchi yetu pia ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2015, na Ibara ya 26 ya mkataba huo inazungumzia wazi huduma za kumrudishia mtu uwezo wake. Ukimwambia mbunge "tunataka cheo chetu kitambuliwe", unamwomba zawadi. Ukimuuliza "sheria hii mliyoipitisha, nani anaitekeleza katika hospitali zetu?", sasa yeye ndiye mwenye deni.

Na kuna ombi dogo ambalo wengi hawalijui. Ibara ya 138 inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri swali la maandishi. Halihitaji kura wala wingi wa viti wala hotuba. Linahitaji sahihi yake, na swali zuri. Swali zuri ni wewe utakayeliandika. Letu lilikuwa na mstari mmoja na nusu: ni hospitali ngapi za rufaa zina mtaalamu wa kine anayelipwa, na ni zipi. Tulijua jibu litaaibisha, ndiyo maana tulilichagua.

Sasa barua. Ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, kwa sababu katibu atakayeifungua anafanya kazi kwa Kifaransa na ndiye atakayeamua iende juu au ibaki chini ya bilauri ya chai. Mkifika mbele ya Honorable, yaani mheshimiwa mbunge, zungumzeni Kiswahili. Kifaransa cha kitaalamu kinamfanya aitikie kwa kichwa bila kuelewa. Ya kwanza tuliyopeleka kwenye ofisi moja ilikuwa na kurasa saba na picha za mifupa. Ilipotea. Tulipoulizia tukaambiwa haikufika kamwe, na hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Tangu siku hiyo natembea na nakala mbili: moja nawaachia, ya pili wananigongea muhuri wa kupokea wenye tarehe, na siondoki dirishani mpaka wino ukauke. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyohiyo inasema hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Wasomee wenzako wenye woga. Lakini miezi mitatu inahesabiwa kuanzia lini kama huna muhuri? Na juu ya barua, upande wa kulia, usisahau ile orodha ya wanaopewa nakala ili wajue. Sisi Wakongomani tunaitania, ila mtu akiona jina la mkubwa wake limeandikwa pale, barua yako haiwi kifuniko cha chai.

Mtaulizwa ninyi ni nani. "Sisi ni kikundi cha WhatsApp" si jibu. Tulilitoa, nakumbuka uso wa katibu. Undeni shirika lisilo la faida kwa Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, mchague rais na katibu, mpate karatasi. Inachosha, lakini ifanyeni.

Majira yana uzito kuliko ufasaha. Bunge la taifa linakaa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, kisha 15 Septemba hadi 15 Desemba, na kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Miezi iliyobaki wabunge wako likizo, na wengi wanarudi kwa waliowachagua. Huo ndio wakati wako. Ukimkuta kanisani, msalimie tu na uombe siku. Ukimkuta uwanjani Kamalondo Mazembe ikicheza, mwache aangalie mpira. Na tafadhali, usimshike mtu kwenye kilio. Mwenzetu mmoja alimnong'oneza seneta kuhusu bajeti huku jeneza likitolewa, na jina letu likanuka miezi sita. Kalenda ilitupa bahati moja: siku ya kimataifa ya kine ni tarehe 8 Septemba, juma moja kamili kabla ya kikao cha bajeti kufunguliwa. Tuliacha kuifanya sherehe ya kukata keki. Sasa ni siku ya kuwaita wageni.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na nitakaa hapo kidogo.

Tulimwalika mbunge mmoja, si ofisini wala hotelini, bali kwenye chumba chetu, siku ya plasta. Alifika saa tatu na nusu akiwa na dakika kumi na mbili; msaidizi alituonya hivyo mlangoni. Chumba chetu kina dirisha moja na vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, ambavyo fundi wa Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, alituchomelea kwa mabomba ya maji. Mezani alikuwepo mtoto wa majuma matano, miguu yote miwili imegeukia ndani kama mikono inayoomba. Mama yake alikuwa akimpa ziwa ili atulie, maana mtoto anayenyonya halegei tu moyo, hata kifundo cha mguu kinalegea. Nilimwomba Honorable anawe, kisha ashike goti. Msaidizi akashtuka. Yeye akakunja mikono ya shati, akashika. Nikausogeza mguu kidogo, kidogo tu, mpaka unapokubali, mwenzangu akazungusha plasta mbichi. Nikamweleza huku tukifanya: kila juma tunatoa, tunasogeza tena, tunafunga upya, mara tano hadi nane hivi. Kisha viatu vyenye chuma katikati, mwanzoni karibu saa zote, baadaye usiku tu, mpaka miaka minne au zaidi. Wengi wanahitaji kukatwa kidogo tu kano ya kisigino, si upasuaji mkubwa.

Akauliza, "Halafu anatembea?"

Sikujibu. Bibi mmoja alikuwa kwenye benchi la nje na mjukuu wake wa miaka mitano, aliyepitia meza hiyohiyo. Mtoto alikuwa akikimbiza kuku wa mlinzi.

Akauliza swali la pili, ambalo mtu hawezi kuliuliza akiwa ofisini kwake: "Plasta hii ananunua nani?" Mama wa mtoto akamjibu mwenyewe, bila kuinua kichwa: "Njo mie." Akamtajia bei, na siku ngapi za kuuza makaa inachukua. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimekwisha zamani. Nilimpa ule ukurasa mmoja wenye lile swali la mstari mmoja na nusu, naye akauweka kwenye mfuko wa shati, si kwenye mkoba wa msaidizi.

Alipokuwa akitoka alishika kiuno, akanilalamikia mgongo. Wote wana mgongo mbaya, sijui ni viti vya Kinshasa. Nilimpa miadi ya kawaida, kwa bei ya kawaida. Ukimtibu bure, mtakapokutana tena hamtazungumza kuhusu bajeti, mtazungumza kuhusu mgongo. Vilevile matabishi: kuna mahali utaombwa kitu kidogo ili faili litembee. Mimi sitoi. Naketi pale benchi la mapokezi na kitabu changu. Nimegundua kwamba kine anayengoja saa nne kwa utulivu anaudhi kuliko anayelipa.

Lazima nizungumze kuhusu wagonjwa, kwa sababu tuliwahi kukosea. Kabla ya siku ile, mwenzetu alipiga video ya kijana aliyepooza baada ya ajali, akijifunza kusimama, akaituma kwa msaidizi wa mbunge mmoja ili "aguswe". Kijana alikubali kwa mdomo, kweli. Lakini video haikai ilipotumwa. Baada ya siku tatu ilikuwa kwenye vikundi vya mtaa wake, na watu wakawa wanamwita kwa jina ambalo sitaliandika. Alikataa kurudi kwenye mazoezi miezi miwili. Miezi miwili kwa mtu wa kiharusi au uti wa mgongo ni hazina iliyotupwa. Hakuna mstari wa bajeti unaolipa hiyo. Sasa kanuni yetu ni kwamba hatupeleki picha wala jina la mgonjwa popote. Mgonjwa akitaka kusema, aje aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, na aondoke na maneno yake. Tena wagonjwa na wazazi wanasikilizwa kuliko sisi. Sisi tukisema, tunaonekana tunatetea mishahara. Mama muuza makaa ana kura, na ana majirani.

Jiandae pia kupoteza mtu wako. Mbunge tuliyemfundisha mambo yetu mwaka mzima aliteuliwa serikalini, na kiti kikakaliwa na mbadala wake, ambaye tulikuwa hatujawahi hata kumsalimia. Tulianza na alfabeti upya. Siku hizi namfahamu mbadala wa kila mmoja, namfahamu msaidizi, namfahamu na katibu wa mlangoni, ambaye mama yake namfanyisha mazoezi ya bega (kwa bei ya kawaida).

Lile swali lilipelekwa. Jibu lilichelewa, likaja na idadi ndogo kuliko tuliyoiogopa, na sasa idadi hiyo imetiwa sahihi na wakubwa, si na sisi. Ndiyo sentensi ya kwanza ya barua yetu ya mwaka huu. Ya pili inataja sheria ya 2022. Ya tatu inaomba nafasi mbili za kulipwa, na hapo tunabishana bado: mwenzangu anataka tuandike nne ili watupunguzie mpaka mbili, mimi nasema tuandike mbili. Tunakutana Jumamosi saa nane kwenye chumba cha plasta. Nakala za kugongewa muhuri nimeshatoa.