Laptopu iuze, kishikwambi kibakishe

Barua tulizozichagua safari hii zinaulizia takriban jambo moja: kile kifaa kinachochomoka kibodi, au kinachokunjika kikageuka kishikwambi, kinaweza kubeba kazi ya laptopu na ya kishikwambi kwa pamoja? Ya mwalimu wa Wete, Pemba, tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengi.

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina laptopu ya inchi 15 inayonielemea kila nikipanda boti kwenda Unguja kwenye semina, na kishikwambi ninachosomea tu. Natunga mitihani, naweka alama za wanafunzi na nafundishia kwa projekta. Nataka kuviuza vyote viwili ninunue kimoja. Nitajuta?
*Mwalimu, Wete*

Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Laptopu hutajuta kuiuza. Kishikwambi tunakuomba usikiuze, na sababu zake zinakuja.

Dukani utaonyeshwa vitu vitatu tofauti kwa jina moja. Kuna kishikwambi chenye Windows kamili ambacho kibodi yake hunata kwa sumaku na mgongoni kina mguu wa kukisimamishia, kama Surface Pro ya Microsoft. Kuna laptopu ambayo bawaba zake huzunguka nyuzi 360 mpaka kioo kikalala nyuma ya kibodi, kama Lenovo Yoga na HP x360. Na kuna kishikwambi cha Android au iPad kilichoongezewa kibodi. Vyote vitatu vinaandika, vyote vinasomeka, lakini hicho cha tatu hakiendeshi programu za Windows, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka.

Kwa kutunga mitihani, fikiria kwanza unakaa wapi ukiandika. Mezani, aina zote mbili za Windows ni sawa. Barazani ni habari nyengine. Ule mguu wa nyuma unataka mahali pa kukanyagia: kibodi ikiwa mbele na mguu umefunguka nyuma, kifaa kinataka zaidi ya sentimita 30 za kitu kigumu kilicho sawa. Mapaja yanaweza kufika, lakini ncha ya mguu inakaa karibu kabisa na magoti, na ukijisogeza kidogo tu inateleza na kioo kinaanguka chali. Kitandani mguu huo unazama kwenye godoro. Juu ya mkeka uliotandikwa sakafuni kinasimama vizuri, ila mgongo wako ndio utakaolipa. Yenye bawaba inakaa mapajani kama laptopu yoyote, maana uzito wake mwingi uko chini, kwenye kibodi.

Kwenye projekta, angalia matundu kabla hujalipa. Surface Pro 6 na nyingi zilizoitangulia hutoa picha kwa tundu dogo la Mini DisplayPort. Kuanzia ya 7 ya mwaka 2019 hutoa kwa USB-C. Projekta za skuli aghlabu zina VGA au HDMI, matundu ya aina nyengine ya kupitishia picha, kwa hiyo nunua adapta moja yenye vyote viwili na iwe ndani ya mkoba wako siku zote. Usitegemee ya ofisini. Vishikwambi vingi vya bei ndogo vya Android vina tundu la USB-C lisilotoa picha hata kidogo, na adapta yoyote utakayoinunua haitasaidia.

Sasa kusoma. Surface Pro 7 bila kibodi ina gramu 775 hivi. iPad ya kizazi cha 10 ina gramu 477. Laptopu ya bawaba ya inchi 14 mara nyingi ina kilo moja na nusu, na ukiikunja unaishika na kibodi yake mgongoni, vidole vimegusa vitufe. Unaweza kusoma ukurasa mmoja hivyo, si juzuu nzima. Halafu kuna betri: vifaa vingi vya Windows vya siku hizi vikiwa katika hali ya Sleep haviko usingizini kweli. Vinaendelea kupokea barua pepe na masasisho ndani ya mkoba, na unafika bandarini Malindi ukakikuta cha moto na betri imebaki kidogo. Kabla ya safari kizime kabisa, au ingia Power Options kwenye Control Panel uchague kifuniko kikifungwa kifanye Hibernate, yaani kihifadhi kazi yako kisha kijizime.

Hukumu yetu ni hii: chukua yenye bawaba, inchi 13 au 14, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isipungue GB 8 na SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 256. Kama pesa inaruhusu, nenda RAM ya GB 16, kwani kwenye nyingi ya vifaa hivi RAM imelehemewa na huwezi kuiongeza baadaye. Kishikwambi chako cha zamani kibakishe cha kusomea. Ukikiuza hakitakupa pesa ya maana, na siku kifaa kikuu kitakapokwenda kwa fundi wiki ya mitihani, utakuwa na pa kufungulia faili zako.

Hilo la fundi kwa Pemba ni zito kuliko yote. Laptopu ya bawaba kwa kawaida hufunguliwa chini kwa bisibisi. Betri na SSD hubadilishwa kwa saa moja. Surface Pro imebandikwa kwa gundi: ili kufikia betri lazima kioo kipashwe moto na kuinuliwa kidogo kidogo, na kioo ni chembamba, kinapasuka kwa urahisi. Kubadilisha betri kunaweza kuishia kwa kununua kioo. Tangu Surface Pro 7+ ya mwaka 2021 SSD ina kifuniko chake na hutoka kwa skrubu moja, jambo la kushukuru, lakini betri bado iko ndani.

Nasoma uhasibu. Nimeona kishikwambi cha Android cha inchi 10 chenye kibodi, kalamu na mausi, wameandika "16GB RAM, 512GB", kwa bei chini ya nusu ya laptopu. Kitanitosha mpaka nimalize chuo?
*Mwanafunzi, Tunguu*

Hapana, ndugu yetu. Programu za takwimu za SPSS na Stata hazipo kwa Android, na Excel ya Android imekatwa: haiwezi kuendesha makro, zile amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya jedwali. Kuandika, kusoma PDF na kuhudhuria darasa la mtandaoni kitafanya.

Na hiyo "16GB" ichunguze. Mara nyingi ni GB 8 za kweli, au hata 4, pamoja na sehemu ya hifadhi iliyoazimwa ikaitwa RAM. Ingia Settings, sehemu ya kuhusu kifaa. Ukiona imeandikwa kwa alama ya kujumlisha, kama "8+8", ile namba ya kwanza ndiyo yako. Kwa pesa hiyo tungekushauri laptopu iliyokwishatumika yenye SSD, hata kama haina mguso.

Natembeza wageni Nungwi. Kazi yangu ni picha, ankara, barua pepe na WhatsApp. iPad yenye kibodi itaniondolea laptopu?
*Msomaji, Kaskazini Unguja*

Itakuondolea, na kwa kazi yako ni bora kuliko laptopu. Chukua hifadhi ya GB 128 kwenda juu kwa sababu ya picha, na kava la ukingo mnene, maana mchanga ukiingia baina ya kava na kioo unakikwaruza bila wewe kujua. Livue na ulipanguse kila wiki.

Kuna Surface Pro zilizotumika zinauzwa mjini kwa bei nzuri. Nikienda Darajani niangalie nini nisije nikauziwa mbovu?
*Mnunuzi, Mwanakwerekwe*

Nenda na simu yenye bando, kijiti cha USB na saa moja na nusu ya nafasi. Muuzaji asiyekuruhusu kukaa nayo muda huo, muage.

Anza na toleo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi Surface Pro 6 kwenda mbele. Ya 4 na ile ya mwaka 2017 iliyoifuatia haimo, na Surface Go ya kwanza pia haimo. Surface Pro 4 ina ila nyengine: Microsoft wenyewe walikiri mwaka 2018 kwamba baadhi yake vioo hutetemeka, na ugonjwa huo huweza kujificha mpaka kifaa kipate moto. Ukiwashiwa kwa dakika tano hutaona kitu. Weka video yenye mwanga mkali, nusu saa, ndipo utazame.

Ukikutana na Surface Pro X au Surface Pro 11 zenye prosesa ya ARM, isiyo ya aina ya Intel iliyozoeleka, jua kuwa programu nyingi za kawaida zitakwenda, lakini draiva (programu za kuendeshea vifaa) za printa kongwe na mashine za alama za vidole zilizotengenezwa kwa Intel hazitakubali. Kwa mtu wa ofisi hilo linatosha kuiacha.

Pili, na hapa ndipo watu wengi wanapolia: mwambie muuzaji aifute mbele yako kwa Reset this PC, kisha iunganishe na intaneti ya simu yako wakati inaanza upya. Vifaa vingi vya mitumba vilikuwa vya makampuni ya nje. Kama kampuni haikukiondoa kwenye orodha yake, kikishapata mtandao kitadai barua pepe ya kazini ya kampuni hiyo na hakitakupisha. Muuzaji anayekuonyesha Windows tayari imefunguka hajakuthibitishia lolote. Siku utakayoifuta mwenyewe ndiyo itakayojifunga. Usitoe pesa mpaka uone inakuruhusu kuweka akaunti yako.

Tatu, betri. Fungua Command Prompt, andika

powercfg /batteryreport

ubonyeze Enter. Itakutajia faili iliyohifadhiwa, ifungue. Tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa ya kwanza ni 45,000 na ya pili ni 27,000, betri imebaki asilimia 60. Chini ya 70 omba punguzo kubwa, chini ya 60 iache. Nakili faili hiyo kwenye kijiti chako uende nayo nyumbani ukaisome vizuri. Kisha laza Surface yenyewe juu ya kioo cha kaunta na uitazame ubavuni: ikibembea, au ukiona ufa wa mwanga baina ya kioo na fremu, betri imevimba. Hiyo usiibonyeze ikae sawa, usiichaji, irudishe.

Nne, mguso. Fungua Paint, chora kwa kidole mistari ya kutoka ukingo hadi ukingo, ikipishana sentimita mbili. Panapokatika mstari, hapo kioo kimekufa, na mara nyingi ni pembeni, mahali ambapo muuzaji hana haja ya kugusa.

Kibodi iwemo kwenye bei. Huuzwa peke yake na bei yake si rahisi. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y. Windows inaweza kuzipanga upya, maandishi juu ya vitufe yatabaki yalivyo.

Kibodi ya kuchomoka inakata na kurudi, zaidi msimu wa masika. Fundi anasema nibadilishe. Nifanye hivyo?
*Bi mmoja, Chake Chake*

Bado, Bi. Kwanza jua ugonjwa uko wapi. Zima kifaa, shikilia kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza cha kuwashia na ukiachie, endelea kushikilia sauti mpaka nembo itokee. Utaingia kwenye ukurasa wa UEFI, mipangilio ya kifaa inayofunguka kabla ya Windows. Tumia kibodi humo. Ikifanya kazi bila kukata, tatizo ni la Windows, na masasisho huliponya. Ikikata humo pia, tatizo liko kwenye pini.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na pini zile za shaba kwenye ukingo wa kibodi hushika utando mweupe au wa kijani. Kizime kifaa, chovya kijiti cha pamba cha masikio katika spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kamua kisidondoke, sugua pini za kibodi na zile za kwenye kifaa kwa mwendo mmoja. Badilisha kijiti mpaka kitoke kisafi. Subiri dakika tano ndipo uunganishe. Usitumie maji wala manukato. Chembe za mchanga zilizonasa kwenye mfereji wa sumaku zitoe kwa brashi kavu ya meno kabla ya spiriti, la sivyo utazisugulia ndani. Usiku kihifadhi ndani ya mkoba wenye vipakiti viwili vitatu vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na wakati wa masika rudia usafishaji kila mwezi. Ikiwa baada ya mara mbili bado inakata, hapo fundi wako atakuwa sahihi: waya laini uliopita kwenye mkunjo wa kibodi umekatika, na huo haulehemeki.