Mnaouliza kama uchoraji unalipa kodi ya chumba Paris

Wadogo zangu, mnauliza kila mara kama mchoraji hodari akifika Paris anaweza kuishi kwa picha zake. Bila kuwaficha: kwanza ataishi kwa kazi za oda, tena kwa miaka. Mtazameni Alfons Mucha, Mcheki wa Moravia, ambaye wengi wanadhani aliibuka ghafla bin vuu.

Alifika Paris mwaka 1887 akilipiwa masomo na kabaila mmoja. Mwaka 1889 fedha zikakatwa. Akawa anakula dengu na maharage, na kodi ya chumba akiitafuta kwa kuchorea magazeti na vitabu.

Mwishoni mwa Desemba 1894 Sarah Bernhardt, mwigizaji aliyetamba kuliko wote, alitaka bango la tamthilia ya Gismonda libandikwe Januari mosi. Kazi ikamwangukia Mucha. Bango lina zaidi ya mita 2 kwenda juu na sentimita 74 upana, limechapwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa. Uchapaji wa jiwe, yaani kuchora juu ya jiwe bapa, kulipaka wino na kuligandamizia karatasi, hauna huruma: kila rangi ina jiwe lake, mchoro hukaa kinyumenyume juu ya jiwe, na karatasi ikisogea kidogo tu, rangi inavuka mstari. Litazameni vizuri: juu pamejaa nakshi, chini pako wazi, kwa sababu muda ulikwisha. Hata hivyo lilitoka kwa tarehe, na Bernhardt akampa mkataba wa miaka 6. Kwa maoni yangu, kilichomwokoa ni ile miaka ya magazeti, ambako siku ya kukabidhi haisogezwi.

Kisha mpiga chapa Champenois akamfunga kwa mkataba wake. Mchoro mmoja ukageuzwa bango, kalenda na kadi, na faida ya marudio ikabaki kiwandani. Hapo ndipo wageni wengi huumia: kabla ya kutia saini, ulizeni nani anamiliki haki ya kuchapa tena, kwa miaka mingapi, na kwa bidhaa zipi.

Mwaka 1904 akaenda Marekani kuchora sura za matajiri kwa rangi za mafuta. Zilikwenda polepole mno, ikabidi afundishe pia. Kazi aliyoitamani, turubai 20 za historia ya Waslavi (jamii ya watu wa Ulaya, Wacheki wakiwemo), nyingine zikifika mita 6 kwa 8, ilipata mfadhili mwaka 1909, Mmarekani Charles Crane. Mucha alikuwa anakaribia miaka 50, na ili kuichora alirudi kwao.